Mshale wa kaskazini ambao hakuna anayeutazama kwenye mchoro wa nyumba

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita gazeti lako lilichapisha makala iliyowashauri wasomaji namna ya kuchagua kiyoyozi kinacholingana na ukubwa wa chumba cha kulala. Hesabu zake zilikuwa sahihi na sina ugomvi nazo. Nililolikosa ni swali ambalo lilipaswa kutangulia, yaani kwa nini chumba hicho kimekuwa na joto kiasi cha kuhitaji mashine hiyo, na kama joto lile lililetwa na Dar es Salaam au lililetwa na sisi wenyewe tuliokijenga. Naomba nafasi nilijibu swali hilo, kwa sababu nimelifikiria kwa muda mrefu na kwa gharama yangu mwenyewe.

Nimefanya kazi ya ujenzi kwa zaidi ya miaka 30, kwanza nikiwa mwashi, baadaye msimamizi wa mafundi, na sasa nimestaafu nikiwa mkazi wa Kinyerezi. Katika miaka hiyo nimefungua michoro mingi, na karibu kila mmoja ulikuwa na mshale mdogo pembeni unaoonyesha kaskazini iliko. Mchoraji huuweka kwa sababu utaratibu unamtaka auweke, ofisa anayeupitisha mchoro huridhika akiuona upo, na mwenye nyumba haambiwi una kazi gani. Sikumbuki hata mara moja mtu kusimama kiwanjani na mchoro mkononi, akautafuta upande wa kaskazini, kisha akasema nyumba igeuzwe. Nyumba zetu hugeuzwa kuitazama barabara, na barabara hupita pale alipoipitisha mpimaji, ambaye naye alikuwa na mambo mengine ya kuyazingatia.

Nami nilifanya vivyo hivyo. Kiwanja changu kina mita 20 kwa 20 na barabara yake iko magharibi, kwa hiyo sebule na vyumba viwili vya kulala niliviweka magharibi, vyenye madirisha mapana ya vioo, ili nyumba ipendeze kwa anayepita. Mwaka wa kwanza tuliohamia, mke wangu aliniita kama saa mbili usiku, akanishika mkono na kuubandika ukutani juu ya kitanda cha watoto. Ukuta ulikuwa na joto la sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu, na jua lilikuwa limezama zamani. Ukuta wa tofali za saruji za inchi 6 hulinywa jua la alasiri polepole, na hulitoa upande wa ndani saa kadhaa baadaye, wakati ule ule mtu anapopanda kitandani. Mimi niliyelipwa kuwajengea wengine sikuwa nimeliwazia jambo hilo hata siku moja, na wanangu walilala katika joto hilo kwa miaka.

Jua la mahali petu si fumbo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na hivyo saa sita mchana jua huwa juu kabisa au karibu na utosi mwaka mzima. Mwezi Juni huinama upande wa kaskazini kwa nyuzi 30 hivi kutoka utosini, na mwezi Desemba huinama upande wa kusini kwa nyuzi 17 hivi. Maana yake kwa mjenzi ni kwamba kuta za kaskazini na kusini hukingwa na upenu wa kawaida, yaani ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta: upenu wa sentimita 90 hulitia kivuli dirisha zima ambalo kizingiti chake cha chini kiko mita moja na nusu chini ya ukingo wa paa, hata katika adhuhuri ya Juni. Kuta za mashariki na magharibi ni habari nyingine. Saa mbili asubuhi na saa kumi jioni jua huwa chini, huingia kwa mlalo chini ya upenu wowote, na hakuna paa la kuzikinga kuta hizo isipokuwa baraza pana, mti, au vyumba ambavyo hakuna anayelala ndani yake. Bafu, stoo na ngazi ndivyo vinavyostahili kukaa magharibi, lakini katika nyumba yangu vilikaa mashariki, na watoto ndio waliokaa magharibi.

Upepo nao una mpangilio wake, na hapa naomba msomaji aisikilize lugha yake mwenyewe. Kaskazini ni mahali kaskazi inakotoka, na kusini ni mahali kusi inakotoka. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, ambayo ndiyo miezi yetu ya joto kali, na kusi hutawala kuanzia kama Mei hadi Septemba au Oktoba. Mashariki na magharibi ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, na yote mawili yanahusu jua, moja kuchomoza na la pili kuzama, ndiyo maana hata sala ya wakati ule huitwa Magharibi. Mabaharia na wakulima wa pwani walikuwa na pande mbili za upepo na pande mbili za jua, na nyumba yenye akili ni ile inayozifungulia madirisha pande za upepo na kuzionyesha pande za jua ubavu mwembamba. Nyumba ya namna hiyo hurefuka kutoka mashariki kwenda magharibi na kuweka madirisha yake mapana kaskazini na kusini. Kuijenga hakuhitaji hata mfuko mmoja wa saruji zaidi ya nyumba iliyogeuzwa vibaya, na hili ndilo linalonisikitisha kuliko yote.

Nilizaliwa Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Katikati ilikuwa na ukumbi ulionyooka kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa uani, na milango hiyo miwili ilitazamana, hata upepo ulioingia barazani ulipita nyumba nzima na kutokea jikoni. Kuta za fito na udongo hazikufika kwenye paa. Palikuwa na uwazi ambao hewa ya moto ilitokea. Upenu ulishuka chini kiasi kwamba mtu mrefu aliinama kuingia, na baraza lilikaa kivulini mchana kutwa. Siisifu nyumba ile kwa yasiyokuwemo. Mbu waliingia kwa uwazi ule ule uliotoa joto, panya walizaliana kwenye makuti, tuliishi kwa hofu ya moto, na baba alipoyaondoa makuti na kuezeka bati, adhuhuri ikawa haikaliki vyumbani. Ninachosema ni kwamba aliyeijenga alijua jua linapita wapi na upepo unatoka wapi, na ujuzi huo ulikuwa wa kila fundi wa mtaa. Sisi tulipopata saruji, vioo na nondo, tuliuacha kana kwamba ulikuwa sehemu ya udongo.

Wala haikuwa lazima usasa utupotezee ujuzi huo. Marehemu Beda Amuli alipolibuni Soko la Kariakoo katika miaka ya 1970, alilifunika kwa miavuli mikubwa ya zege iliyotoa kivuli na kuacha hewa ipite, bila kuiga banda la kale wala jengo la nchi za baridi. Nyumba nyingi za watumishi zilizojengwa Upanga na Oysterbay enzi za nyuma zina baraza pana na upenu wa kutosha, na mtu akiingia ndani mchana huona tofauti kabla hajaketi. Zege na saruji havikuwa kosa.

Kosa liko katika mitindo tunayoinunua sasa. Nianze na paa la kuficha, ambalo mafundi wanaliita kontemporari. Bati hulazwa kwa mteremko mdogo nyuma ya ukuta ulioinuliwa pande zote, na nyumba huonekana kama boksi safi lisilo na paa. Boksi hilo halina upenu, kwa hiyo jua na mvua hupiga kuta na madirisha moja kwa moja kuanzia rangi hadi plasta. Halina pembetatu ya ukuta chini ya paa ambayo ingewekwa matundu ya kutolea hewa, na nafasi kati ya bati na dari huwa tanuri lililofungwa. Chini yake huwekwa dari ya jipsam yenye nakshi na taa nyingi, nzuri kwa macho, isiyo na kitu chochote cha kuzuia joto linaloshuka. Bati lenyewe mara nyingi ni la rangi ya kijivu cha mkaa, kahawia au buluu nzito, na katika nchi ambayo jua liko utosini, paa hupokea jua kubwa kuliko ukuta wowote. Bati jeupe au la rangi hafifu hurudisha sehemu kubwa ya jua lile angani, na kwa kampuni ile ile na geji ile ile, yaani unene ule ule wa bati, bei haina tofauti ya maana. Nimewauliza vijana wanaojenga kwa nini hawalichagui, na jibu ni kwamba linachafuka na halina mvuto. Kwa ajili ya mvuto huo watu hulipa umeme miaka 20.

Madirisha ya alumini ya kusukuma nayo yametudanganya. Dirisha la upana wa mita moja na nusu hufunguka nusu tu, kwa kuwa kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine, na wengi huweka dirisha katika ukuta mmoja wa chumba bila tundu lolote upande wa pili. Upepo hauingii mahali usipoona pa kutokea. Chumba chenye dirisha dogo mbele na jingine dogo upande mwingine, au tundu la hewa juu ya mlango, hupoa kuliko chumba chenye dirisha moja kubwa kama la duka.

Sasa nirudi kwenye kiyoyozi, ambako makala yenu ilianzia, na kwenye uniti za LUKU, yaani umeme tunaoulipia kabla ya kuutumia. Kiyoyozi cha BTU 12,000, ambacho ni kipimo cha nguvu yake ya kupoza, kinapofanya kazi kwa nguvu hutumia karibu uniti moja kwa saa. Katika chumba kilichonywa jua mchana kutwa, mtambo wake haupumziki sehemu kubwa ya usiku, na hivyo usiku mmoja, kwa muda wa saa nane, kinaweza kula uniti 5 hadi 8. Tuchukue 6 tu: kwa mwezi ni uniti 180 kwa chumba kimoja. Feni ya dari, au pangaboi kama wengi tunavyoiita, yenye wati 60, kwa saa zile zile nane hutumia chini ya nusu uniti, yaani uniti 15 hivi kwa mwezi. Mteja mdogo wa TANESCO anayestahili bei nafuu ni yule asiyevuka uniti 75 kwa mwezi. Akivuka na kuendelea kuvuka, huhamishiwa bei ya kawaida, ambayo ni karibu mara tatu kwa kila uniti. Kwa hiyo kiyoyozi kimoja hakiongezi tu uniti zake mwenyewe, bali huzipandisha bei uniti za friji, pasi na taa ambazo familia ilikuwa ikizimudu.

Siwalaumu wanaokitumia. Yupo mgonjwa anayekihitaji, yupo mtoto mchanga, na zipo siku za Februari ambazo kaskazi hutulia usiku na hewa nzito ya pwani humlaza mtu kwenye jasho hata katika nyumba iliyojengwa vizuri. Lakini kiyoyozi katika nyumba yenye kivuli hupoza chumba na kutulia, na katika nyumba isiyo na kivuli hupigana na ukuta usiku kucha. Tena joto kinaloliondoa ndani hulimwaga nje, na katika viwanja vyetu vilivyobanana nje ya mtu mmoja ni dirisha la jirani yake.

Nimesikia hoja kwamba umeme sasa upo wa kutosha. Ni kweli kwamba Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024, na kila aliyeishi katika giza la mgao wa miezi iliyotangulia anafahamu thamani yake. Hata hivyo umeme mwingi wa Rufiji lazima upite kwenye nyaya na transfoma ya mtaa, na transfoma ile ile iliyowekwa wakati mtaa una nyumba 40 zenye taa na redio sasa inabeba viyoyozi, vyote vikiwashwa saa mbili usiku. Ikizidiwa, mtaa mzima hukaa gizani, pamoja na aliyejenga vizuri. Umeme ambao nyumba haikuuhitaji ungeweza kwenda kwenye kiwanda, pampu ya maji au zahanati.

Yupo mtu mwingine ambaye makala yenu haikumtaja kabisa, naye ni mpangaji. Kwa mujibu wa Sensa ya 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728, na sehemu kubwa yao hulala katika vyumba ambavyo hawakuvijenga. Mwenye nyumba ndiye anayechagua rangi ya bati, kimo cha dari na upande wa madirisha. Mpangaji ndiye anayenunua LUKU. Kila senti ambayo mwenye nyumba anaiokoa kwa kukata upenu au kushusha dari, mpangaji huilipa kwa usingizi au kwa uniti, na hana sauti kwa sababu amekwisha kulipa kodi ya miezi sita kabla hajalala humo usiku mmoja. Nimejenga vyumba vya kupangisha vya namna hiyo kwa maelekezo ya wenye mali: vyumba kumi vilivyopangwa mstari mmoja, mgongo wa kila chumba ukiwa ukuta mtupu uliogusana na uzio wa jirani, mlango mmoja na dirisha moja, vyote upande wa mbele. Nilipopendekeza matofali ya matundu juu ya ukuta wa nyuma, niliambiwa kwamba mpangaji hapangi matundu. Nilinyamaza nikajenga, na leo nikipita mtaa ule jioni nawaona akina mama wameketi nje na watoto hadi usiku mkubwa kwa sababu ndani hakuingiliki. Soko peke yake halitarekebisha jambo hili, maana anayeumia si anayejenga.

Wapo watakaoniuliza kuhusu mbu na wezi, na wana haki ya kuuliza, kwa kuwa hofu hizo mbili ndizo zinazoyafunga madirisha yetu usiku. Nondo tayari tunaziweka, na dirisha lenye nondo imara na wavu mzuri linaweza kulala wazi. Kuhusu mbu, kuna ushahidi hapa hapa nchini. Katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, na baadaye katika vijiji vya Mtwara, watafiti walijenga nyumba za majaribio zenye vyumba vya kulala ghorofani, kuta zinazopitisha hewa zilizofunikwa nyavu, na milango inayojifunga yenyewe, wakaonyesha kwamba nyumba inaweza kuukaribisha upepo na kumkatalia mbu mlangoni. Wavu wa dirisha ni miongoni mwa vitu rahisi sana katika nyumba, nao ndio huachwa mpaka mwisho, fedha zikiwa zimeishia kwenye nakshi za jipsam.

Jambo moja zaidi kuhusu michoro. Siku hizi mchoro hununuliwa kwenye simu, ukiwa na picha nzuri ya nyumba iliyokwisha kupakwa rangi, na picha ile ile hujengwa Kigamboni, Dodoma na Njombe. Dodoma ina mchana mkavu wa jua kali na usiku wa ubaridi, kwa hiyo ukuta mnene unaochelewesha joto hadi usiku ni neema huko, wakati kwetu pwani, ambako usiku wenyewe una joto, ukuta huo hugeuka mzigo katika chumba cha kulala. Wazee wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe, lakini walizikinga kwa vichochoro vyembamba ambamo nyumba moja huitilia kivuli nyingine, na wakainua dari juu sana. Anayeuiga unene peke yake ameiga nusu. Njombe, mtu anahitaji jua liingie na baridi ibaki nje. Mchoro mmoja hauwezi kuwa mwema kwa wote watatu.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Saruji hupatikana kwa kuchoma chokaa na udongo katika joto la nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vyake duniani vinachangia karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Tofali za kuchoma za mikoa yetu ya nyanda za juu nazo zinakula kuni ambazo kila mwaka zinatoka mbali zaidi. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, umefundisha kwa miaka mingi tofali za udongo za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono na saruji kidogo, hazichomwi, na zinajengwa kwa mchanganyiko mdogo sana wa saruji na mchanga kati ya safu moja ya tofali na nyingine. Nimezijengea, na zikikingwa na mvua kwa msingi mzuri na upenu mpana ni ukuta wa heshima. Tatizo lake ni kwamba zinadhaniwa kuwa za maskini, na mwenye uwezo akizitumia huzipaka plasta asionekane.

Neno majengo ya kijani, yaani majengo yanayotumia nishati kidogo na kuyatunza mazingira, limewafanya watu wengi wadhani kwamba linahusu maghorofa ya vioo yenye paneli za sola, na kwamba mwalimu au mwendesha bodaboda anayejenga kidogo kidogo kwa miaka saba hahusiki nalo. Yeye ndiye anayehusika kuliko wote, kwa sababu nyumba yake haitavunjwa na kujengwa tena, na kosa alilolifanya siku ya kuchimba msingi wataishi nalo wajukuu wake. Rwanda ilitoa mwaka 2019 masharti ya chini ya majengo ya kijani kwa aina maalumu za majengo, na masharti hayo huingia katika hatua ya kibali. Kwetu halmashauri tayari zina meza ya vibali vya ujenzi, na meza hiyo huuliza mipaka ya kiwanja, umbali kutoka kwa jirani, shimo la maji taka na uimara wa nguzo. Naomba iulize na haya: kuta ndefu zinaelekea wapi, upenu una sentimita ngapi, kila chumba cha kulala kina matundu katika kuta ngapi, na hewa ya juu ya dari inatokea wapi. Ofisa mwenye rula anaweza kuyakagua kwa dakika kumi. Kwa nyumba za kupangisha ningetaka yawe sharti, tena sharti lenye ukaguzi wa kiwanjani, kwa sababu nilizozieleza. Kwa anayejenga pa kuishi mwenyewe, ningetosheka kwa kuanzia kama halmashauri ingempa bure michoro michache iliyopangwa vizuri kwa kiwanja chenye barabara mashariki, magharibi, kaskazini au kusini, ili achague unaolingana na chake. Na vyuo vya VETA, vinavyowafundisha vijana kupiga timazi na kusoma vipimo, viwafundishe pia kuusoma mshale ule, maana nyumba nyingi za mijini kwetu husimamiwa na fundi peke yake bila mbunifu.

Nyumba yangu sikuweza kuigeuza. Nilichofanya, kwa awamu, kadiri pensheni ilivyoruhusu, ni kujenga baraza upande wa magharibi lenye bati lililoshuka chini kuliko nilivyopenda, kutoboa matundu yenye nyavu katika pembetatu mbili za ukuta chini ya paa, kulipaka bati rangi nyeupe, na kung'oa vitofali vya pevingi vilivyojaa mbele ya madirisha, mahali ambapo nilipanda mwarobaini mmoja na miti miwili ya mkungu. Mwarobaini sasa umelipita paa. Ukuta wa chumba cha watoto, ambacho leo hulala wajukuu wanaponitembelea, saa mbili usiku huwa wa kawaida, na pangaboi linatosha siku nyingi za mwaka. Baraza peke yake lilinigharimu zaidi ya ambavyo ingenigharimu kukigeuza chumba kwenye karatasi, ambako kungekuwa kazi ya raba na penseli.

Kiangazi hiki, mvua zikiwa zimekwisha na barabara za mitaani zikipitika, malori ya mchanga na kokoto yameanza kuingia Kinyerezi, Chanika, Goba na Mbagala, na watu wengi watachimba misingi kabla ya vuli. Gazeti lako lina ukurasa wa makazi kila wiki, na kwa muda wote ambao nimeusoma umechapisha picha za nyumba bila kusema zinatazama wapi. Ninaomba, Ndugu Mhariri, kwamba katika matoleo ya miezi hii kila nyumba mnayoichapisha iambatane na mchoro wake wa sakafu, na mshale wa kaskazini uwekwe mahali ambapo msomaji atauona.

Wako,

Fundi mstaafu,
Kinyerezi, Dar es Salaam